Magunia Tuliyoyageuza Nje Ndani

Idrisa mwanangu,

Salamu tuziruke. Tumeshinda pamoja, tumekula pamoja, na jioni tumegombana pamoja, kwa hiyo kukuuliza hali yako sasa hivi kutakuwa unafiki. Wewe umelala chumba cha pili, unakoroma kama marehemu baba yako, na mimi nimekaa jikoni naandika kwa sababu mdomo wangu ukianza huwa unamaliza kwa matusi.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za marafiki wa Dar es Salaam sikuandikii. Shangazi yako wa Magomeni ana mdomo wa kutosha, atakufundisha hayo mpaka uitafute nyumba ya kupanga. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile hotuba yako.

Ulisimama hapo mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, ukanisomea utakachokisema kikaoni huko Dar. Chama cha wafanyabiashara wa nafaka wamekuajiri juzi tu, na kazi ya kwanza waliyokupa ni kwenda kuipinga sheria ya kulazimisha lebo kwenye vyakula vilivyobadilishwa vinasaba. Nilikuwa nakusikiliza na fahari yangu yote. Kiswahili chako kimenyooka. Ukasema lebo zitaleta taharuki. Ukasema wananchi wetu bado hawajafika mahali pa kuelewa. Halafu ukamleta baba yako. Ukasoma kwamba mfanyabiashara mmoja wa Dodoma aliuawa na kundi la watu wasio na elimu kwa sababu ya maandishi yaliyokuwa kwenye gunia, na kwamba huyo alikuwa mzazi wako.

Ndipo nikakurushia mwiko. Samahani kwa shati. Ugali hutoka kwa maji baridi.

Ukaniuliza, "Mama, si ndivyo ulivyonihadithia mwenyewe?" Ni kweli. Ndivyo nilivyokuhadithia, tangu ukiwa darasa la nne, tulipokurudisha kutoka Kondoa kwa bibi yako ukakuta kaburi. Nilikuambia wajinga walimuua baba yako. Kila ulipokataa kwenda shule nilikuambia, nenda, usije ukawa kama wale. Umekua, umesoma, na sasa unakwenda kuwaambia wakubwa maneno yangu mwenyewe. Kwa hiyo leo nakuhadithia upya, na safari hii sitapunguza chumvi wala kuongeza.

Ile ilikuwa baada ya miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeiachia biashara ya nafaka, kila mwenye lori akawa mfanyabiashara na kila mwenye duka akawa tajiri mtarajiwa. Baba yako alikuwa na mashine ya kusaga pale Kizota na stoo ya mabati nyuma yake. Unaikumbuka mashine, ulikuwa ukitoka pale mweupe kama mzuka. Mvua zikakata. Mtama ukanyauka, uwele ukanyauka, watu wa Mkonze wakawa wanakuja kusaga makapi. Baba yako akapata mahindi Dar, bandarini, kwa tajiri mmoja ambaye hata jina lake sikulijua. Yalikuja kwa lori: mahindi ya njano, kwenye magunia meupe ya plastiki yenye maandishi ya buluu ya Kizungu.

Sasa, gunia lenye maandishi ya Kizungu lilikuwa na taabu yake. Mtu akiliona sokoni, la kwanza atasema ni chakula cha msaada kimeibwa. La pili atasema ni chakula cha kuku. Kwa hiyo wafanyabiashara wote wa nafaka, na nasema wote, walikuwa na desturi moja. Unayamwaga mahindi kwenye turubai, unaligeuza gunia nje ndani, unayarudisha, unashona mdomo kwa shazia na uzi wa katani. Maandishi yanabaki ndani na mahindi. Hakuna aliyeona kuwa ni dhambi. Ilikuwa kazi kama kufagia. Mimi ndiye nilikuwa nashona, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa wanaume.

Baba yako hakujua Kiingereza. Mimi nilifika kidato cha pili, najua kidogo cha kuombea maji. Nikasoma gunia la kwanza, nikarudia. Liliandikwa kwamba mahindi hayo huenda yana mbegu iliyobadilishwa, ni ya kusagwa tu, yasipandwe. Nikamwita baba yako nikamwambia. Akajikuna shingo, kisha akasema, "Mama Idrisa, nikiwaambia yasipandwe wataniuliza kwa nini. Na mimi sijui kwa nini. Geuza."

Nikageuza. Nataka ulishike hilo, maana kwenye hotuba yako umemfanya baba yako malaika na mimi hukunitaja kabisa. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeona aibu kuulizwa asichokijua, akaona bora swali lisiulizwe.

Watu walinunua, wakala, wakashiba. Tulimshukuru Mungu. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, wakaanza kuja wa kuuliza mbegu. Wewe umekulia hapa, unajua watu wetu. Mkulima wa huku akinunua debe la kula, anatoa kibakuli anaweka pembeni cha kupanda, hasa baada ya njaa, maana ghala ni tupu na mbegu imeshaliwa. Baba yako alilijua hilo. Mimi nililijua hilo. Tajiri wa bandarini ndiye hakulijua, wala aliyeandika gunia.

Akaja Ndahani wa Mkonze, mtu mrefu, mpole, alikuwa akitulimia kwa ng'ombe wake. Akachota mahindi mkononi, akayapuliza, akaniuliza, "Mama Idrisa, haya yanaota?"

Nikamjibu, "Mahindi gani yasiyoota?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Akanunua, akaacha kupanda uwele, akapanda ya njano shamba zima.

Yakaota. Ndahani alikuja kutuambia kwa furaha kwamba yamempita kichwa. Mvua ile haikuwa mbaya, uwele wa majirani ulijaa masuke. Lakini yeye alipoanza kumenya alikuta magunzi, punje mbili huku, punje tatu kule, kama mdomo wa kizee. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya hiyo mbegu iliyobadilishwa, au kwa sababu mahindi yale hayakuwa ya udongo huu, au ni kudra. Wewe uliyesoma pengine unajua. Yeye alichojua ni kwamba watoto wake watalala njaa mwaka ambao wenzake wanakula.

Mkewe, Mwaja, alikuwa na ujauzito, ukaharibika mwezi huohuo. Siku moja akachukua gunia letu tupu alifue alifanye pazia. Akaligeuza. Mdogo wake alikuwa anasoma sekondari, akawasomea neno kwa neno. Kufikia kwenye "yasipandwe" Ndahani alikuwa ameshatoka nje. Kufika kwa jirani wa tatu, maandishi yalikuwa yameshaota miguu: mahindi yana dawa ya kufunga uzazi, Ramadhani mwenye mashine amelipwa na Wazungu awamalize Wagogo. Hayo ya uzazi hayakuandikwa. Lakini nani angewaambia kilichoandikwa na kisichoandikwa? Sisi tulikuwa tumeshakaa kimya mwaka mzima.

Walikuja Ijumaa mchana. Baba yako alikuwa ametoka msikitini, ana kanzu yake ile ya kuswalia, anasimamia mashine. Mimi nilikuwa stoo. Hotuba yako inasema kundi lilivamia. Hawakuvamia, Idrisa. Walifika wakasimama, kama watu arobaini, na Ndahani akasogea mbele akasema, "Shikamoo, mzee Ramadhani." Walimwamkia. Baba yako akaitikia marahaba. Mashine ikazimwa ili watu wasikilizane.

Ndahani alikuwa ameshika lile gunia. Akalifungua upande wa maandishi. Akasema, "Mzee, hapa pameandikwa nini?"

Baba yako akatazama. Akanitazama na mimi, mlangoni pa stoo. Nilijua anaomba nimsaidie, na ulimi wangu huu, unaokutukana wewe kila siku, ukanasa.

Ndahani akauliza tena. "Nakuuliza kwa heshima. Tulikula nini? Tulipanda nini?"

Baba yako akacheka, kile kicheko chake cha dukani, akasema, "Mahindi ni mahindi, jamani. Mbona mlikula mkashiba?"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Sikuona limetoka kwa nani. Niliona meno. Alishika mdomo kwa mikono miwili, damu ikapita kati ya vidole ikaingia kwenye mikono ya kanzu, na hakuweza kusema neno lingine tena. La pili likampata juu ya jicho, akaangukia kwenye sanduku la unga, na hapo wakamrukia. Walimburuta kwa miguu. Mtu alikata mkanda wa mashine kwa panga akaanza kumchapa nao, mkanda mpana kama kiganja, kila ukishuka unga unaruka, na kila unga ukitulia nauona ni mwekundu zaidi. Wanawake niliokuwa nawapimia unga, nawajua kwa majina, wanawake walionipa pole ya msiba wa mama yangu, walikuwa wanamkanyaga kifuani kwa visigino.

Nilichukua mchi. Sisemi nilikuwa mtu mwema siku hiyo na usije ukaniandika hivyo. Nilimvunja mtu mkono, nilisikia ulivyolia. Nilimpiga mwingine mgongoni akaanguka kifudifudi, na nikaendelea kumpiga akiwa chini, hakuwa ameshika hata kijiti. Mwanamke akanivuta nywele nikamng'ata sikio mpaka nikahisi gegedu. Kama ningekuwa na panga ningeua, na ningeua yeyote aliyekuwa karibu, mwenye kosa na asiye na kosa. Kwa hiyo ukisema kikaoni kwamba kuua ni kazi ya wasiosoma, kumbuka mama yako alifika kidato cha pili.

Wakawasha stoo. Mahindi yanapoungua hunukia vizuri, hilo ndilo jambo la kishetani kuliko yote. Kizota nzima ilinukia bisi. Kulikuwa na watoto wenye njaa walioingia motoni kuchota, huku baba yako amelala hatua chache tu, mguu mmoja umegeukia nyuma.

Halafu ghafla wakaacha. Hivyo hivyo. Moto ukawarudishia akili, wakatawanyika. Aliyebaki ni Ndahani. Alikuwa amesimama na gunia lake, shati lote damu. Nikamtemea mate usoni. Hakuyafuta. Akaenda akaleta mkokoteni, tukampakia baba yako, yeye akawa anasukuma na mimi nakimbia pembeni nimeshika kichwa kisigonge mbao. Alikufa kabla hatujafika hospitali. Nilihisi tu kichwa kimekuwa kizito. Nikamwambia Ndahani, "Simama, ameshakufa." Yeye akaendelea kusukuma.

Watu watatu walifungwa, Ndahani mmoja wao. Alikiri. Alisema jiwe la pili lilikuwa lake.

Miaka iliyofuata nilikaa na hasira yangu nikiifuga kama kuku wa mayai. Nilihamia hapa Ipagala ili nisiione Kizota. Na wewe nikakulisha hasira hiyo asubuhi na jioni, kwa sababu ilikuwa rahisi kukuambia wajinga wamemuua baba yako kuliko kukuambia kwamba aliulizwa swali mara mbili, kwa adabu, na mimi nilikuwa najua jibu.

Aliyenivunja ni Mwaja. Ulikuwa kidato cha tatu. Nilimkuta soko la Majengo anauza mlenda, amekonda, mumewe bado yuko gerezani. Sikumsalimu. Nilimrukia. Nilimpiga makofi mbele ya soko zima, nikaumwaga mlenda wake nikaukanyaga, nikamvuta mpaka kitenge kikamdondoka, na watu wakawa wanasema mwacheni, ni mjane wa Ramadhani, ana haki yake. Yule mwanamke hakuinua mkono. Nilipochoka, akanitazama tu, pua inatoka damu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kwao, polepole:

"Mama Idrisa, njaa ilikuwa njaa. Hata ungeniambia, ningekula. Watoto wangu wangekula. Ila nisingepanda. Ungeniambia tu usipande, nisingepanda."

Basi. Aliokota kitenge chake akaanza kukusanya mlenda kwenye vumbi. Nami nikasimama pale kama gogo.

Sikulala wiki hiyo, na kusema kweli sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kwa sababu miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba tungewaambia wangekataa, mahindi yangetuozea, watu wangekufa njaa kwa hofu. Ndivyo alivyofikiri baba yako. Ndivyo wanavyofikiri waajiri wako, na ndivyo ulivyoandika kwenye ukurasa wa kwanza. Tuliwaamulia. Tuliwaona hawatajua kutofautisha kula na kupanda, watu ambao hawana kazi nyingine duniani ila kula na kupanda.

Usinielewe vibaya, sikuambii lebo ni kinga ya mawe. Mimi nimekaa na mashine, najua. Ukishasaga ya njano, meupe yanayofuata yanatoka na vumbi la njano, hata usafishe vipi. Hao wakubwa wakisema kutenganisha nafaka kutoka bandarini mpaka Mkonze ni kazi ngumu na ya gharama, hawasemi uongo, na ukilisema hilo nitakupigia makofi. Na maandishi ya Kiingereza kwenye gunia la mtu wa Mkonze ni pambo la buluu tu. Sema hayo. Bishana. Pengine sheria hiyo ni mbovu kweli, mimi sijaisoma. Na kama hamjui mbegu hizo zina madhara au hazina, basi semeni hamjui. Baba yako angesema, "Ndahani, pameandikwa yasipandwe, na sijui kwa nini," labda angetukanwa, labda tungerudisha hela za watu, labda hata angepigwa. Sijui Mungu alichoandika. Lakini angekuwa amejibu.

Unajua kilichonifanya nirushe mwiko? Sikukwambia, ulifikiri ni hasira za kizee. Si pale ulipomtaja baba yako. Ni pale mwisho kabisa, uliponyanyua sauti kama waheshimiwa wa bungeni, ukasema: "Ndugu wajumbe, mahindi ni mahindi." Hukujua. Sikuwahi kukuambia. Umeyatafuta maneno ya kufungia hotuba ukaenda kuyaokota yaleyale, na kicheko kilekile, Idrisa, mdomo umepindia upande uleule. Niliona jiwe linakuja. Naapa kwa aliyeniumba, nilikaa hapo kwenye kigoda nikaliona jiwe linakuja usoni mwako, na mkono wangu ukarusha chochote kilichokuwa karibu.

Nakupenda mpaka inaniuma. Sikukatazi kazi. Kazi ni ngumu kupata na umeitafuta kwa miguu, na mshahara wako nauhitaji kuliko unavyojua. Lakini damu ya baba yako niliifua mimi kwenye kanga yangu, na haikutoka. Si yako ya kuwauzia hao matajiri.

Umesema kikao ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa. Nimeshaongea na kondakta wa basi, kiti changu kipo. Nitakaa nyuma, na kanga yangu ya kawaida, usihangaike kunitafuta. Ukizungumza habari za gharama, za mashine, za bandari, za hayo msiyoyajua, nitakusikiliza kama mama wengine wanavyowasikiliza watoto wao, na tukitoka utaninunulia chai. Ukimtaja baba yako kwamba wajinga walimuua kwa sababu walisoma gunia, nitasimama. Nitasimama mbele ya mabosi wako na sauti yangu unaijua. Watauliza, mama wewe ni nani? Na siku hiyo sitasema mimi ni mama wa Idrisa. Nitasema mimi ni mjane wa Ramadhani, na ninajua kilichoandikwa.

Mama yako, mpaka siku ya kikao.